Yah: Ombi la Uhamisho

Husika na kichwa cha habari hapo juu.
Kijana wa steshenari ameniambia nianze hivyo,
akanitoza elfu mbili, akasema: fupisha, mzee.
Ile fupi mnayo, ina sahihi yangu.
Hii ndefu nimeiandika nyuma ya kalenda ya mwaka jana.
Mikono ina grisi, mnisamehe madoa.

Kichwa cha habari ni Mwanamkasi.
Kichwa kimenyolewa Jumamosi, tayari kwa shule.

Majina yalibandikwa Desemba ukutani mwa ofisi ya kata,
gundi mbichi bado, wazazi tumebanana
kama spoku kwenye kitovu cha gurudumu.
Mama Sechonge akapiga kigelegele:
mwanawe kapata ya hapa hapa Ngamiani,
ile ambayo kengele yake ndiyo saa yetu sote.
Kidole changu kikamfikia mwanangu, kikaenda kulia,
kikasoma shule iliyo ng'ambo ya Pongwe.
Nikadhani nimeteleza mstari. Nikaweka rula.
Sikuteleza.

Wapo waliopekua ukuta mzima
wakarudi na vidole vitupu.
Andikeni hapo kwamba nilishukuru kwanza.

Umbali nimeupima kwa gurudumu la ishirini na nane.
Nilifunga uzi mwekundu kwenye spoku moja
nikahesabu kila ulipopita juu:
elfu sita na kitu hadi Pongwe,
kisha mvua ikaja, hesabu ikanipotea, nikakadiria.
Malori ya saruji sikuyahesabu.
Yeye ana miaka kumi na mitatu.
Atatoka nyumbani saa kumi na moja, gizani.

Mwalimu mkuu akanituma kwa afisa elimu kata.
Afisa elimu kata akasema barua ipitie
kwa mkuu wa shule anakotoka mtoto.
Nikauliza: anatokaje shule ambayo hajaingia?
Akanitazama kwa huruma, kalamu hewani:
"Kwanza aripoti, ndipo aombe kuondoka.
Asiporipoti, nafasi inafutwa."
Nikacheka peke yangu mpaka Barabara ya Nane.
Mnyororo uliochomoka huwa hivyo:
kanyaga utakavyo, miguu inazunguka, wewe uko palepale.

Mkanishauri nitafute wa kubadilishana naye.
Nikampata. Kule kule, mvulana, Singano,
kapangiwa hii ya kwetu. Mama yake
alikuwa anatafuta chumba cha kupanga mjini
kwa mtoto asiyejua hata kupika uji.
Tulikaa kwenye benchi la zahanati, fomu magotini,
kila mmoja ameshika cha mwenzake
na hakuna kati yetu mwenye ruhusa ya kutoa.
Akanipa papai. Nikamzibia mwanawe pancha.
Tukatia sahihi. Yake ilikuwa dole gumba,
lilitoka vizuri kuliko langu la kalamu.

Januari shule zimefunguliwa.
Nimepeleka ndoo, fagio la chelewa, rimu ya karatasi,
jembe na mpini wake, kama fomu ilivyotaka.
Baiskeli nimemuundia kwa vipande vya wateja waliokufa
au waliohama bila kulipa.
Breki ya nyuma ni mpya. Hiyo nimenunua.

Februari, kimya. Machi, dirishani pale pale:
"Bado iko mezani, mzee."
Nami nina meza. Najua vitu vinavyoweza kukaa mezani.

Jana nimefunua madaftari yake.
Jina la mwanafunzi, wino.
Kidato, wino. Somo, wino, kapigia na mstari.
Jina la shule, penseli.
Nikamuuliza. Hakuinua uso:
"Mpaka wajibu, baba."

Nimemnunulia kifutio.
Kiko kando ya taa, bado kina pembe zote nne.

Nawatakia kazi njema.
Wenu katika ujenzi wa taifa,
Hatibu Mwakaje,
fundi baiskeli.